Mti Uliotoka Gotu

Isiolo, Septemba 1984

Ndugu yangu Dima,

Salaam aleikum. Sisi tuko wazima, ila mimi nimechoshwa na huu mti wako.

Ulipoutoa Gotu ukaupanda hapa uani, ulituambia kiangazi utaangusha majani yote na tusiuguse. Mimi nilisikia. Mama hakusikia. Majani yalipoanguka alisema hiyo ni habari yako, umekufa huko Thika, akalia mpaka majirani wakaja kutupa pole. Githae wa duka akamwambia amekuona sokoni huko juzi tu, na umenenepa. Hakumwamini.

Tangu hapo kila akitawadha, maji yanayobaki anaumwagia mti. Na ukame huu, mferejini tunapanga foleni tangu alfajiri. Shina limeanza kulainika chini. Nikimwambia mti huu utaoza kwa maji, ananiuliza kama ni mimi niliyekuzaa.

Sasa mti umetoa maua mekundu, bila jani hata moja. Mama anasema wewe unarudi. Majirani wale wale wanakuja kumpa hongera. Mbuzi wetu wa mwisho mama amekataa auzwe, eti anakungoja wewe, na sisi tunalala na chai.

Dima, mwaka mzima hujaandika. Sijui tulikukosea nini, na leo sikuulizi. Lakini maua haya nayo yataanguka, na siku hiyo mimi sitakuwa na la kumwambia mama. Andika kabla hayajaanguka.

Ni mimi dada yako,
Hawo