Bakteria wa Mama Mkwe

Shoga, nimetoka hospitali sasa hivi na bado siamini.

Unajua kaka anavyoharisha tangu zile dawa za kuua vijidudu zimalize na bakteria wazuri wa tumboni. Amebaki mifupa. Daktari akasema kuna tiba wanayoijaribu: wanachukua kinyesi cha mtu mwenye afya, wanachuja bakteria, wanawatia kwenye vidonge, mgonjwa anameza.

ANAMEZA, shoga!

Tukapimwa familia nzima. Mimi nje. Wifi nje. Leo daktari akafungua faili mbele yetu sote: "Aliyefaa ni mmoja tu. Mama mkwe wako."

Mama mkwe! Yule yule ambaye kaka hata chai yake huikwepa!

Kaka akainamia sakafu. "Daktari, hakuna mwingine?"

"Hakuna. Na mwili wako hausubiri."

Mama mkwe akaweka mkoba chini, mpole kama maji ya mtungi: "Mwanangu, miaka tisa maneno yangu yamekushinda kumeza."

Wifi akaangua kicheko, machozi yanamtoka. Kaka akachukua kalamu, akasaini. "Nisamehe, mama," sauti haisikiki.

Mama mkwe alishamgeukia daktari: "Leo nile nini, ili apone upesi?"