Kama Wee, Sali

Jumatatu, 9 Juni 2025

Baridi. Mlima haujaonekana tangu Alhamisi. Shule imefungwa, nimefua mapazia yote na hayakauki.

Dilip ameanzisha vita kwenye grupu letu la kanda za zamani. Kaandika asubuhi na mapema: tukikutana dukani kwake Jumamosi ya tarehe 21 tupige kura, albamu bora ya Marendeli ni ipi? Kufika saa sita mchana, meseji mia na tisa. Watu wazima, wengine na wajukuu wao!

Mimi msimamo wangu unajulikana. Ya Kijani. Lucky ananicheka — anasema mama, albamu zina majina yake, siyo rangi. Sasa sisi tungeyajulia wapi hayo majina? Marehemu baba yake Dilip alikuwa anarekodi kanda palepale dukani, anakata karatasi za rangi kwa mkasi, anaandika "Maren & Dell" kwa kalamu ya wino. Ya kwanza kijani, ya pili njano, ya mwisho bluu. Arusha nzima inazijua hivyo. Na sisi wa Akheri hata hatukujua kuwa ni wanawake wawili. Tulidhani ni mtu mmoja anaitwa Marendeli, Mungu kamjalia sauti mbili.

Jumatano, 11 Juni

Godwin wa Njiro katurekodia sauti ya dakika saba. Wakili huyo hata kwenye muziki anatoa hoja kana kwamba hakimu anamsikiliza. Kasema ya Kijani ni bora kwa sababu ina ujasiri, hata kile kikohozi katikati ya wimbo wa nne hawakukiondoa, maana Maren alikuwa anaumwa kifua na alitaka tuusikie ukweli wake.

Dilip akajibu kwa maneno matatu. "Kikohozi cha baba."

Nimecheka mpaka Lucky kaja kuangalia kuna nini. Miaka yote hii! Mzee alikohoa wakati anarekodi kanda ya kwanza, kisha akazalisha nyingine zote kutoka kwenye hiyo. Mji mzima tumekua na kikohozi cha yule mzee tukidhani ni usanii.

Halafu kuna mtu mmoja, namba haina jina, picha ya mgomba. Kaingia grupu wiki iliyopita. Anaandika polepole, na nukta zake zote. Kasema ya Bluu ndiyo bora. Eti wakati wanairekodi Maren na Dell walikuwa hawasemeshani, kila mmoja alikuja studio siku yake, akaimba peke yake, akaondoka. Eti sikilizeni vizuri, kila mmoja anamwachia mwenzake nafasi ya kuingia, na huku hayupo.

Nikamjibu hapohapo. Kwamba mtu akinuna basi anune kwao, asituimbie. Kwamba ya Bluu ni ubaridi mtupu, na anayeisifia hana masikio. Nimepata vidole gumba kumi na viwili.

Alhamisi, 12 Juni

Wa mgomba kajibu. "Mama Lucky, kununa siyo kuacha." Basi.

Mie huwa napenda mtu akinijibu kwa hasira, najua pa kumshika. Huyu sijui nimshike wapi. Nimekaa na simu jikoni hadi maharage yakaungua.

Jioni nimemwambia Lucky aniwekee ya Bluu kwenye simu. Ya kweli, siyo ya Dilip. Nimesikiliza nyimbo mbili. Sikuandika chochote kwenye grupu.

Jumapili, 15 Juni

Nimetoka kanisani, nimebadilisha viatu, nimefungua simu.

Wa mgomba kaandika hivi: "Albamu ni ya Bluu. Lakini wimbo ni mmoja tu, uko upande B wa Kijani. Kama wee, sali."

Godwin kacheka kwa herufi kubwa. Kasema hakuna wimbo kama huo, mwenzetu amechanganya na kwaya. Dilip akadhani ni makosa ya kuandika. Wengine wakaweka vikaragosi vya machozi ya kicheko. Mimi nimekaa kitandani na gauni la kanisani mpaka likakunjamana.

Niandike vizuri ili nielewe mwenyewe.

Baba alikuwa mwinjilisti. Mama alifariki tukiwa wadogo, akatulea yeye, na nyumbani kwetu nyimbo za dunia zilikuwa marufuku. Dada yangu Mage alikuwa na miaka kumi na minne, mimi kumi. Aliuza mayai ya kuku wake, akashuka mjini, akarudi na ya Kijani kaificha ndani ya sketi. Tukawa tunaisikiliza baba akiwa kwenye vipindi vya kipaimara. Mage sauti ya kwanza, mimi ya pili. Kiingereza hatujui, tunaimba tunachosikia.

Siku moja baba akarudi mapema. Akasimama mlangoni na Biblia kwapani. Mage akaganda na kidole juu ya kitufe. Na kanda inaendelea! Baba akanyoosha mkono aichomoe, akaitupe kwenye majivu — ndipo wakaimba kiitikio. *Kama wee, sali. Kama wee, sali.* Baba akavuta kigoda. Akasikiliza hadi mwisho. Akasema, hawa Wazungu wameokoka. Tangu siku ile ikapigwa kwetu kila Jumapili baada ya ibada, na wageni wakielezwa: wanasema kama wewe hujui la kufanya, sali.

Nilikuja kujua nikiwa chuo cha ualimu kwamba ni "Come away, Sally". Msichana anaitwa atoroke na mpenzi wake! Nikamwandikia Mage barua nikidhani atacheka. Akajibu kwamba baba asiambiwe kamwe, na yeye ataendelea na ya kwetu.

Kwa hiyo. Wageni walishausahau. Duniani watu walioujua wimbo ule kwa jina hilo, na upande ulipo kwenye kanda, walikuwa watatu. Mmoja tumemzika. Wa pili ni mimi.

Ni dada yangu. Miaka sita hatujasemeshana, na Jumatano nimemwambia mbele ya watu arobaini kwamba hana masikio.

Jumatatu, 16 Juni

Amejua tangu mwanzo. Kwenye grupu mimi ni Mama Lucky, na picha ni mimi na Lucky kwenye mahafali yake. Atakosaje kunijua? Yote aliyoandika kuhusu ya Bluu alikuwa ananiandikia mimi.

Kwa nini asipige simu? Jibu ninalo. Nilimfungia namba yake ya zamani.

Jumanne, 17 Juni

Sijawahi kuliandika hili. Naliandika leo.

Baba alipougua nilimuuguza mimi, miaka miwili. Mage yuko Singida, anapiga simu Jumapili, anauliza amekula nini. Amekula nini! Mimi ndiye nilikuwa nafua shuka. Hasira yangu ilianza hapo, na naona hata leo haijaisha yote.

Siku ya mazishi ibada ilipangwa saa saba. Basi la Mage likaharibika karibu na Babati. Alinipigia saa sita, analia, anasema wamepata gari lingine, msubirini kidogo. Mchungaji akanijia pembeni, kule kwenye migomba. Akauliza kwa upole: tumsubiri mtoto mkubwa? Nikamwambia tuendelee, mvua inakuja.

Hapakuwa na mvua. Jua lilikuwa linawaka.

Kafika saa tisa na nusu, udongo umeshafukiwa, watu wana sahani mikononi. Na mimi nikamwambia, wote wanasikia: "Umewahi chakula."

Hilo la chakula analijua, watu wote wanalijua. Hajui kwamba niliulizwa. Anadhani mchungaji ndiye aliamua. Mchungaji alihamishwa. Basi nimebaki nalo mwenyewe.

Saa kumi jioni nimefungua ile namba ya mgomba nje ya grupu. Nimeandika mengi nikafuta. Nikaandika salamu ndefu, nikafuta. Mwisho nikatuma neno moja.

Shikamoo.

Jumatano, 18 Juni

Tiki mbili za bluu. Kasoma. Kimya.

Alhamisi, 19 Juni

Kimya.

Nimeamkia watu wazima maisha yangu yote, sikuwahi kufikiria kwamba shikamoo inaweza kukosa jibu. Hata mlevi barabarani anaitika. Watoto wangu wa darasa la pili wanaamkia mpaka mlinzi wa geti, na anaitika mmoja mmoja.

Lucky kaniuliza kama naumwa. Nikasema ni baridi.

Kwenye grupu wanahesabu kura kabla ya kura. Godwin kanipigia anataka nimsaidie kutetea ya Kijani, maana mimi ndiye nina ulimi. Nikamwambia koo linaniuma.

Ijumaa, 20 Juni

Saa moja na dakika kumi asubuhi. Nilikuwa nakoroga uji. "Marahaba."

Uji umeungua. Sijali!

Jumamosi, 21 Juni

Dukani kwa Dilip. Siku hizi anauza makava ya simu na chaja, ila ukutani bado kuna rafu moja ya kanda, haziuzwi. Tulikuwa kumi na tisa, viti vya plastiki hadi nje barazani. Sudha, mke wa Dilip, kazungusha chai ya tangawizi na kachori.

Nilikaa naangalia mlango. Godwin anahutubia, sisikii neno.

Kaingia wakati Dilip anaweka ya Bluu. Kitambaa cha kichwani cha kijivu, miwani. Mage ana miwani! Kasimama, katafuta kiti kwa macho, akaniona. Mimi nimesimama bila kujua. Nikasema shikamoo dada, kwa sauti ya mtoto. Akaitika. Akanitazama kutoka juu hadi chini, akasema, "Umenenepa."

Basi akakaa pembeni yangu. Tukasikiliza. Mimi ndiyo kwanza nimeelewa alichokuwa anasema. Maren anamaliza mstari na hakimbilii unaofuata. Kuna pengo dogo, pumzi moja. Halafu Dell anaingia. Siku tofauti, chumba tupu, na bado alijua mwenzake ataingilia wapi.

Kura ilikuwa ya kunyoosha mikono. Nilinyoosha kwa ya Bluu. Godwin akapiga kelele usaliti, usaliti! Mage hakunyoosha kokote, alikuwa anafuta miwani kwa pindo la kitenge. Kijani imeshinda, kumi kwa nane.

Nje nikamuuliza kafikia wapi. Akheri, kwa jirani yetu wa zamani. Nyumba ya baba ufunguo ninao mimi, hakutaka kuuomba. Hilo nalo limenichoma. Nikamwambia kesho njoo kwangu Sekei ule. Akasema ukipika loshoro nitakuja.

Jumapili, 22 Juni

Yupo. Yupo sebuleni kwangu!

Amekuja moja kwa moja kutoka kanisani, na ndizi mkungu mzima. Lucky kamwamkia mama mkubwa, Mage akamshika mashavu kwa mikono miwili, akamwambia una pua ya babu yako. Nimepika loshoro, mahindi laini, maziwa yameganda vizuri. Amekula bakuli mbili. Kasema hata Singida mahindi yapo ila hakuna anayejua kuyatwanga.

Nilijiambia nitamwambia kabla ya chakula. Halafu nikasema baada ya chakula. Halafu chai.

Lucky alipotoka kuosha vyombo, Mage akaweka kikombe chini. Akasema yeye mwenyewe, bila kuulizwa. "Ruth, siku ile nilichelewa. Ningeondoka Singida siku moja kabla ningewahi. Nilikuwa nasubiri ruhusa ya kazini, nikaogopa kuondoka bila ruhusa. Kosa ni langu. Nimekaa nalo miaka sita, nimechoka. Mchungaji hakuwa na namna, watu wengi, asingeweza kunisubiri."

Ananiomba msamaha mimi. Mimi!

Neno lilikuwa hapa, kwenye ulimi. Na nilichosema ni, "Nikuongezee chai?"

Kisha nikasema ngoja nikaitafute ile kanda, ninayo chumbani. Nikakimbia. Nimefunga mlango. Kanda haina haja ya kutafutwa, iko droo ya juu, ipo mapajani mwangu sasa hivi, karatasi ya kijani imefifia kabisa. Naandika kwenye daftari badala ya kwenda kusema. Mwalimu mzima.

Nikisema anaweza kuchukua kitambaa chake akaondoka, na itakuwa haki yake. Nisiposema atarudi Singida amebeba kosa ambalo siyo lake, na mimi nitakuwa nimemwacha alibebe mara ya pili. Mvua inakuja. Niliisemaje ile sentensi bila hata kuangalia juu?

Ameanza kuimba. Polepole, kwa sauti ya chini, yuko peke yake pale sebuleni na kikombe. Ni sauti ya kwanza. Sauti yake imeshuka, imekwaruza kidogo, ila ni ileile. Ameimba ubeti wote. Amefika kwenye kiitikio.

*Kama wee* —

Amenyamaza. Hapa ndipo huwa naingia mimi.

Nasikia vyombo vya Lucky nje. Nasikia kijiko kimegusa kikombe. Hajaendelea. Angeweza kuendelea mwenyewe, wimbo anaujua wote.

Hajaendelea. Ananisubiri.