Dada Gillian na Namba Kumi na Saba

Halifax, Yorkshire,
14 Desemba 1987

Mpendwa Shangazi Enid,

Salamu nyingi kutoka kwetu kwenye baridi. Magoti yanaendeleaje huko Hobart? Sisi ni wazima, ila mdogo anaota meno na sijalala vizuri wiki nzima, kwa hiyo usinicheke mwandiko.

Shangazi, Gillian wetu amethibitishwa! Yule aliyekuwa akituongoza mimi na wanasesere kwa sindano ya kufumia, akapiga kinanda cha kanisani akiwa na miaka kumi na minne, akamsaidia mwongozaji wa zamani miaka tisa bila kunung'unika, sasa ndiye mwongozaji wa kwaya ya mji. Mwanamke wa kwanza! Walimpa kwanza mwaka mmoja wa majaribio.

Nusura aikose kazi kwa ajili ya Baba. Unakumbuka kila miaka mitatu waimbaji hupimwa upya nyuma ya pazia, kwa namba tu. Mwaka huu mwita namba nilikuwa mimi. Baba, aliyeimba besi miaka thelathini na minane, alikuwa kumi na saba. Alipoanza tu, wanakamati wote wakaitambua sauti yake, wakamkodolea macho Gillian: atambeba baba yake? Sauti ikatetemeka, ikashuka, kinanda kikabaki juu peke yake.

Gillian akaandika, kisha akasema, "Kumi na saba, asante kwa miaka yote. Sasa upumzike."

Baba akafunua pazia. "Hukunijua, binti?"

"Nilikujua ulipovuta pumzi tu, Baba."

Baba akachukua kofia, akaondoka bila kunywa chai. Wiki tatu hakumsemesha. Nikaenda kwake na mtoto begani, nikamwambia, "Angekupitisha, kamati ingemtoa. Ungekuwa umemponza mwanao." Akaendelea kumenya viazi.

Jumamosi ilikuwa tamasha la Krismasi, na baada yake kamati ingepiga kura. Niliingia ukumbini nikamwona Baba safu ya mbele, amevaa suti ya siku ya harusi yangu. Mzee mmoja nyuma yake akanong'ona kwamba mwanamke hawezi kuwamudu waimbaji mia moja na ishirini.

Baba akageuka mzimamzima. "We babu, nyamaza! Huyo kanitoa mimi, baba yake. Atashindwa na hao?"

Shangazi, nililia mbele za watu, wala sikujali.

Msalimie Mjomba Clive, na Beverley na wanawe. Mungu awatunze wote na ayapoze hayo magoti.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye kila siku,
Lorna