Abiria wa Punje Tano

Kwihara, Tabora
Jumatatu, 9 Juni

Kwa mdogo wangu Julieth,

Tumsifu Yesu Kristu. Na marahaba. Najua ungetaka kuniamkia, basi shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa, maana nikisubiri taratibu zote barua hii haitaandikika. Hujambo wewe? Shemeji Octavian hajambo na cherehani yake? Amon meno yamekwisha kuota, au bado anawakesha? Sisi huku tupo. Karanga tumeshavuna, si haba, na kuku wameongezeka mpaka wananiudhi.

Utashangaa kuletewa barua wakati simu ninayo. Kwenye simu ungenikatiza, na mimi nikikatizwa huwa napata pa kukimbilia. Tena najua unachokitafuta humu: ile bahasha uliyompa Dionis wa mabasi mwezi uliopita, ilifika au haikufika? Tulia. Nitafika huko. Soma kutoka juu kwenda chini kama watu wengine, usianzie mwisho kama ulivyozoea.

Kwanza habari za baba. Macho, Julieth. Daktari pale mjini amesema ni presha ya macho, kilichopotea hakirudi, na dawa ya matone ni ya kulinda kilichobaki tu. Jicho la kushoto limeshafunga. La kulia anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Nilimuuliza daktari limebakiza muda gani, akasema hawezi kuahidi mwaka. Baba mwenyewe halalamiki. Anasema miaka thelathini ya kuangalia reli inatosha.

Halalamiki, lakini anauliza. Zamani alikuwa akikuulizia mara mojamoja. Wiki tatu hizi imekuwa kila asubuhi. Nampelekea uji, nimeuchuja, nimeutia karanga kama anavyopenda, anakunywa mpaka chini, halafu ananiuliza kama Julieth ameandika. Hasemi ahsante wala haniulizi nimelalaje. Julieth ameandika? Namjibu hapana baba, hajaandika, halafu naenda kuosha bakuli kwa hasira mpaka karibu litoboke. Miaka kumi na miwili nimehama Gongoni mjini nikaja kukaa naye hapa, napanda bodaboda alfajiri kwenda kufundisha na narudi na vumbi mpaka masikioni. Wewe ulikuja Krismasi siku tatu, akacheka mpaka akakohoa, na jogoo aliyechinjwa alikuwa wangu! Wacha niseme tu, nilikuonea wivu.

Sasa ule mchezo. Unaujua, lakini acha niueleze, mwalimu ni mwalimu hata akimwandikia ndugu yake. Baba alipokuwa Kaliua akibadilisha njia za reli, treni ya Kigoma iliharibika ikalala pale siku mbili, na abiria mmoja mwenye miwani akamfundisha kuchora vijumba chini na kupanga punje za mahindi. Punje yenye majirani wawili au watatu inaishi. Ikipungukiwa majirani inakufa kwa upweke, ikizidiwa inakufa kwa msongamano. Kijumba kitupu kikizungukwa na punje tatu kamili, panazaliwa punje mpya. Basi, hakuna zaidi. Kisha akamwonyesha punje tano ambazo, ukifuata kanuni hatua kwa hatua, zinajipanga upya na kutembea kimshazari uwanja mzima. Baba akaziita Abiria. Yule bwana akamwambia liko na umbo jingine, lenyewe limetulia tu, halisogei, ila Abiria akiligonga linammeza na kurudi vilevile lilivyokuwa, kana kwamba hakupita mtu. Baba akamwomba amchoree. Treni ikapiga honi. Bwana akapanda, akampungia mkono, wala hakuonekana tena.

Tangu hapo, miaka arobaini na kitu, baba anamtafuta huyo mlaji. Unakumbuka Jumapili zetu: tukitoka misa tunafagia uwanja, tunafungia kuku wasile punje, baba anapiga mistari kwa kamba. Alitufundisha kumtuma Abiria upande wa mawio, maana abiria wote, alisema, wanakwenda Dar. Mimi nilitii. Wewe kwa ubishi wako ukawa unamtuma Kigoma, na ukigombezwa unacheka. Kisha ukaolewa ukaenda zako Kaliua, nikabaki mimi na baba na kamba.

Habari kubwa ya nyumbani ni kwamba mlaji amepatikana. Jumapili ya tarehe kumi na nane mwezi uliopita nilimpangia baba punje saba, zimekaa kama ndoano, nikamweka Abiria mbali kidogo, nikaanza kumtembeza. Baba aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa chini. Abiria akagonga. Ikawa vurugu hatua chache, punje hizi zinakufa, zile zinazaliwa, halafu pakatulia: ndoano ileile, punje saba zilezile, na Abiria hayupo. Baba alikaa kwenye vumbi na suruali yake ya kanisani. Alilia, Julieth. Kisha akaanza kuita majirani. Alikuja Mama Marcelina, akaja katekista Bernardo, ambaye hajui punje wala kijumba, akanipa mkono. Baba akawaambia Apolinaria wangu amempata. Wangu! Nina miaka arobaini na sita na sijawahi kulisikia neno hilo likiwekwa nyuma ya jina langu. Nilivimba kichwa mpaka kitenge hakikunitosha.

Haya. Sasa tumefika kwenye bahasha.

Ilifika. Dionis alinikabidhi pale stendi Ijumaa ya tarehe kumi na sita. Iliandikwa jina la baba, nikaifungua, maana barua zake zote mimi ndiye msomaji. Nikaona mchoro wako wa penseli nyuma ya karatasi ya kukatia nguo ya shemeji, na maneno yako kwamba umehangaika miezi mitano sakafuni jikoni kwa maharage, Amon akilala, na sasa umempata mlaji wa baba. Roho iliniwaka palepale kati ya mabegi ya watu. Wewe uliyeishia kidato cha pili! Mimi mwenye digrii ya hisabati ukutani!

Na liko baya zaidi. Mlaji mimi nilikuwa namjua. Nilimwona kwenye kompyuta ya shule miaka kumi na moja iliyopita. Ulimwengu unamjua tangu kabla hatujazaliwa. Siku ile nilirudi nyumbani nikaosha mikono, nikampelekea baba chakula, nikanyamaza. Nilijiambia namwachia raha ya kutafuta. Uongo mtupu. Niliogopa kwamba akimpata, Jumapili zangu zimekwisha. Ile ndiyo ilikuwa saa pekee anakuwa wangu peke yangu, nimshikie kamba, aniulize hapa je, na hapa je. Nikaona heri atafute mpaka afe kuliko anipungukie. Basi bahasha yako ilipokuja nikaamua kwamba kama ni lazima mlaji apatikane, hatapatikana kwa mkono wako. Nilipanga punje nikiangalia mchoro wako mapajani, jioni yake nikautia motoni chini ya sufuria. Ulipopiga simu mara tatu kuuliza baba amesemaje, nilisema mtandao unasumbua. Mtandao haukuwa na neno.

Jana baada ya misa baba aliniita uwanjani, akaniambia nikae. Akasema siku ile alipomwona Abiria anatembea kuelekea machweo, kabla hata hajagonga, alijua ule ni mkono wa nani, maana katika nyumba hii mtu anayemtuma Abiria Kigoma ni mmoja tu. Mimi nilinakili mchoro wako punje kwa punje, hata upande sikuuona. Nilimuuliza mbona basi alinitangaza kwa watu. Akasema alidhani nitamsahihisha kabla majirani hawajarudi makwao. Sikumsahihisha. Ndipo akaanza kuniuliza asubuhi kama Julieth ameandika. Akanihesabia: asubuhi ishirini na moja.

Umeelewa, mdogo wangu? Mimi nilidhani anakulilia wewe. Kumbe alikuwa ananifungulia mlango mimi, kila siku, na kila siku nikaufunga usoni pake. Swali lile nililokuonea wivu lilikuwa langu.

Nilipiga magoti nikamwomba radhi, na kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza, nikamwambia na habari ya kompyuta. Hiyo alikuwa haijui. Bora angenipiga. Aligusa jicho lake la kushoto, akasema miaka kumi na moja iliyopita alikuwa na yote mawili. Kisha akaingia ndani.

Leo asubuhi nimempelekea uji. Amekunywa. Hakuuliza kitu.

Kwa hiyo nakuomba uje. Panda treni ya wiki hii, Amon mbebe, shule nitaomba ruhusa nije kuwapokea stesheni. Baba ameshapiga mistari mwenyewe, anapapasa kamba kwa vidole, mingine imepinda na hataki niinyooshe. Amempanga Abiria, uso Kigoma, kisha ameacha nafasi, na amesema zile saba hazitawekwa na mtu mwingine ila wewe. Kuku wangu wamefungiwa tangu jana na wananilaani. Njoo na maharage yako, yale mekundu makubwa, atayaona vizuri zaidi kuliko mahindi. Usichelewe, Julieth. Nimekwambia daktari alivyosema.

Usidhani nimepona. Naandika hapa na wivu uko palepale kifuani, nikifikiria atakavyokushika mkono nanyi mtakavyoinama pamoja. Nitakuwa jikoni. Mkinihitaji mtaniita.

Msalimie sana shemeji Octavian, mwambie karatasi yake nitamlipa kwa gunia la karanga. Mbusu Amon. Mama Marcelina anakusalimu, na katekista pia, ingawa nikishamweleza ukweli sijui kama atanipa mkono tena. Mungu awalinde njiani.

Na ile shikamoo niliyojipokelea pale juu, nairudisha. Ukifika, baada ya kumsalimu baba, utaamua mwenyewe kama utaniamkia.

Ni mimi dada yako,
Apolinaria