Barua ya Kumtoa Saidi

Jumatatu, 3 Juni
Majalada kumi na manane kabla ya chai. Mzee Nandonde, bosi wangu na mwenyekiti wa klabu yetu ya baiskeli, kaja mezani kwangu tena na habari za gia. Baiskeli yake ya gia kumi aliirithi kwa baba yake, anaifuta kwa kanga. Anataka sote tuwe na za gia. Saidi, mwanachama mwenzetu, mchomeleaji wa Magomeni, anapanda ya gia moja isiyo na friwili: gurudumu likizunguka, pedali nazo zinazunguka. Kwa mzee, huo ni uhuni. Wamenichosha wote wawili.

Jumatano, 5 Juni
Mzee ameniagiza kuandika barua ya kumtoa Saidi klabuni. Katibu wa klabu ni mimi. Mkataba wangu wa kazi unaisha mwezi huu, na anayeusaini ni mzee huyo huyo. Naogopa. Rasimu tatu. Nimezichana zote.

Alhamisi, 6 Juni
Nilimwendea Saidi nimtafutie kosa la kutia kwenye barua. Akanipa baiskeli yake nijaribu. Kwenye mteremko nikaacha kukanyaga, kama nilivyozoea kwenye yangu. Pedali zikanirusha. Goti limechubuka. Saidi alicheka mpaka akakaa chini.

"Karani, hiyo haina likizo."

Nikamuuliza kwa hasira kwa nini asinunue ya gia, maneno yaishe. Akasema kwenye hii anaisikia barabara miguuni. Kwenye ya gia anajiona abiria. Simwelewi. Lakini kosa sikuliona.

Ijumaa, 7 Juni
Baada ya swala mzee kaulizia barua.

"Sikuiandika, mzee. Katiba yetu inataka mwanachama awe na baiskeli. Aina haikutajwa."

Akauliza kama Saidi ndiye aliyenituma. Nikamwambia baiskeli ile siitaki hata bure. Hakucheka. Akaondoka. Sijala tangu mchana. Mjinga mimi.

Jumapili, 9 Juni
Klabu nzima tulikwenda Mahurunga kwa baiskeli. Kwenye mteremko mzee alitupita sote, miguu imetulia. Kwenye mchanga Saidi akampita. Karibu na mikorosho tairi la Saidi likapata pancha, na kwa desturi yetu wote tukasimama. Mzee ndiye aliyemshikia gurudumu wakati anabandika kiraka. Kisha akauliza, "Sasa wewe bila breki unasimamaje?"

"Kwa miguu, mzee."

Mkataba hakuutaja. Njia nzima ya kurudi alikaa nyuma ya Saidi, akimtazama miguu.