Wanakikosi Waliotoroka Kwata

Kaka yangu mpendwa,

Huku chuoni sijambo. Mama anauliza kama huko ulikopanga unakula vizuri.

Kikosi chetu cha mafunzo ya kijeshi nusura kife. Wanafunzi walikuwa wanatoroka kwata, yaani mazoezi ya gwaride, nami kiongozi wao nikaambiwa niwaadhibu. Lakini nilitaka kujua wanakimbia nini. Nikamfuata bwenini mtoro mmoja, binti anayesomea uuguzi.

"Dada, juzi mwenzetu alianguka juani, mkamruka mkaendelea na gwaride," akasema.

Nikamwomba atufundishe huduma ya kwanza. Jumamosi alimfunga bendeji sajenti wetu mnene mpaka akashindwa kuketi, na watu wakacheka mpaka machozi. Tangu hapo kila mmoja anafundisha anachokijua, na watoro wamerudi na wenzao.

Jana waliniuliza kama nina ndugu jeshini. Nikawaambia ninaye, na tangu arudi kutoka vitani hapokei simu.

"Amewahi kuulizwa yaliyomkuta?" binti yule akauliza.

Ndiyo maana nakuandikia. Kaka, yalikukuta nini huko vitani? Nakuja Jumapili kukusikiliza. Usipotaka kusema, tutaketi tu pamoja.

Mdogo wako akupendaye,
Kitindamimba