Jina Langu mu Fishi ya Mwanaume

Kazi moja ya juma, tarehe 1 mwezi wa tatu, 1976

Watoto saba leo. Wawili wanaharisha. Nimefua matambara tangu asubuhi na mvua imeyalowesha yote kwenye kamba. Moshi wa kiwanda cha Shituru umeshuka mpaka mu uwanja wetu, koo linawasha. Ngoie ametapika uji juu ya kitenge changu kipya. Mtoto hana kosa. Baba yake ndiye anayemshindilia mandazi njiani, halafu anamwacha mlangoni bila hata kumpangusa pua. Mwanaume wa abakosti, suti iliyopigwa pasi, mafuta kwenye nywele, na mtoto wake ananuka mkojo. Ananichefua.

Walipolala niliandika karatasi za mwezi. Bamama wanaofanya kazi ku lopitali ya kampani wanadaiwa karatasi hiyo: nani anabaki na mtoto, nyumba gani, numero gani. Bila karatasi hawapewi ruhusa ya kutoka kuja kunyonyesha. Numero sina nyingine. Niliandika ile ya kitambulisho changu, kama siku zote, na jina langu lote chini.

Mama Chola, jirani anayepika kinywaji cha munkoyo na kuuza kwa vikombe, alikuja kuomba chumvi akaniona. Yeye ana numero ya kodi ya biashara yake, ameitundika ukutani. "Weye unagawia bantu numero yako sawa karanga," alisema. Anasema hivyo tangu mwaka jana. Nilimjibu kodi ni ya watu wanaouza. Minye siuzi kitu, nalea watoto. Alifyonza, akaenda na chumvi yangu.

Siku ya posho, tarehe 6

Naandika na hasira. Nitaandika vibaya.

Nilikwenda kuchukua posho. Miaka sita naichukua kila Jumamosi, tangu bwana yangu Kyungu alipofia kazini: unga, mafuta, samaki wa chumvi. Posho hiyo na nyumba hii, ndivyo kampani iliniachia. Karani akapekua kitabu, akapekua tena, akanitazama akicheka. "Mama, weye ulisha kuolewa. Posho yako iko ku bwana yako."

Foleni nzima ilisikia. Mwanamke mmoja nyuma yangu akapiga vigelegele. Vigelegele! Wengine wakampokea.

Nilimwambia karani bwana yangu yuko makaburini. Akanigeuzia kitabu nione. Jina langu. Numero yangu, hakuna tarakimu iliyokosewa. Pembeni: ameolewa. Niliuliza na nani. Akasema hayo yako mu fishi ya mwanaume, kadi yake ya kazi, ku ofisi ya wafanyakazi, hapa ni unga tu. Niwapishe wengine.

Nimerudi na kapu tupu. Nimepika majani ya sombe bila mafuta. Nimeona haya mbele ya watu ambao sikuwakosea kitu.

Siku ya Mungu, tarehe 7

Misa. Walikuwa wanatazama kidole changu. Mjinga mmoja ameniuliza karamu ni lini.

Kazi mbili, tarehe 9

Barua imefika. Nyumba ni ya mjane, na minye si mjane tena. Nihamie kwa bwana yangu kabla ya mwisho wa mwezi. Wameniita "sitwayeni", mwananchi, heshima tele, na tampo mbili za muhuri chini. Nikitoka hapa nitalea watoto wapi, barabarani? Nitakula nini? Kwa kaka yangu kijijini hakuna hata pa kutandika mkeka.

Mama Chola alibaki na watoto, nikaenda ku ofisi ya wafanyakazi. Wamenisimamisha kwenye korido tangu saa tatu mpaka saa sita. Mwishowe msichana mmoja karani akavuta fishi kutoka sandukuni, akasoma jina la bwana yangu kwa sauti.

Ni baba ya Ngoie.

Nilimwomba arudie. Akarudia.

Kazi tatu, tarehe 10

Sasa naelewa, na kuelewa kunanichefua zaidi. Mke wake ni muuguzi ku lopitali. Ana fishi yake mwenyewe na posho yake mwenyewe. Kwa hiyo kwenye fishi ya mwanaume mstari wa mke ulikuwa wazi. Yeye ni karani wa ofisi ile ile, kalamu iko mkononi mwake. Mstari mtupu, na karatasi yangu ya mwezi: jina lote, numero yote, mwandiko safi nilioufundishwa na Masista. Nimempa mwenyewe hapo mlangoni, mwezi baada ya mwezi. Hakupata hata taabu ya kuiba.

Amekula posho ya mke tangu mwaka jana. Hakuna aliyegundua mpaka walipoandika kitabu kipya cha wajane.

Asubuhi alimleta mtoto kama kawaida. "Yambo, mama." Yambo! Nilimvuta nyuma ya nyumba kwa kola ya abakosti yake. Hakukana. Alisema nipunguze sauti. "Ni karatasi tu, mama. Hata sikukugusa." Halafu akaniambia nikinyamaza atanipa nusu ya unga kila posho, na neno la nyumba atalitengeneza. Nusu ya unga wa jina langu, anipe kama zawadi! Nilitema mate chini, karibu na kiatu chake. Akakitazama kiatu kwanza, ndipo akanitazama minye. Mwanaume wa namna ile.

Nilinawa kwa sabuni baada ya kushika kola tu.

Ngoie alibaki. Nilimwosha kama wengine. Ana paji la uso la baba yake, na leo ilikuwa kazi kumgusa. Mtoto wa miaka miwili. Nimejichukia juu ya hilo.

Kazi tano, tarehe 12

Ngoie hakuletwa jana wala leo. Saa sita akaja mama yake, na kanzu nyeupe ya kazi, hakutaka kuketi. Amesikia ku lopitali. Bwana yake amemwambia kwamba minye ndiye niliyeomba: mjane mpweke, nilimlilia aniandike.

"Minye nilikuachia mutoto," alisema, "weye ukabeba na baba."

Mbele ya watoto. Mama huyu nimemheshimu siku zote. Nilimwambia atoe karatasi ya mwezi iliyo mu mkoba wake, aende aombe fishi ya bwana yake, aweke numero hizo mbili pamoja, ajiulize zilikutana wapi. Aliondoka bila kuaga.

Nimelia jikoni. Si huzuni. Kinyaa. Watu wanafikiri ningemtaka yule! Afadhali nilale na gunia la chokaa.

Kazi moja, tarehe 15

Nimerudi ku ofisi ya wafanyakazi. Mkubwa wao anasema neno langu peke yake halitoshi. Kila mwanamke anakana bwana akisha kugombana naye, ndivyo alivyosema, huku anamenya karanga na kudondosha maganda juu ya barua yangu. Mke wa kweli aje mwenyewe, asimame, aseme bwana yake ana mke mmoja na si minye.

Basi nyumba yangu iko mdomoni mwa mama ya Ngoie. Na yeye nyumba yake iko mu jina la bwana yake. Akisema kweli, bwana anaweza kufukuzwa, na wao watoke nje na mtoto wao. Kwa nini aje? Ningekuwa yeye, ningekuja? Sijui. Naandika kweli: sijui.

Kazi tatu, tarehe 17

Wazazi wawili wamewaondoa watoto wao. Mmoja alisema mafua. Mwingine alisema wazi: bwana yake ndiye anayemleta mtoto asubuhi, na yeye hapendi hatari. Hatari! Minye, na miguu yangu iliyovimba na kanga inayonuka maziwa yaliyoganda.

Hasira ilinipeleka mpaka mjini, ku ofisi ya kodi. Karani mnene, anatafuna kijiti. Aliuliza kazi yangu. Nikasema nalea watoto wa watu nyumbani. "Basi iko biashara," alisema. "Ulizania ni nini, rozari?" Nilitaka kumpiga, lakini alikuwa na haki.

Akaeleza, bila upendo, kama mtu anayerudia kitu cha kila siku. Kazi inaandikishwa, inapewa numero yake na jina lake. Karatasi zote za wazazi zitoke kwa numero ya kazi. Wakubwa wa lopitali hawadai kitambulisho changu, wanadai numero wanayoweza kufuata, basi. Ya kitambulisho ni yangu na serikali, ibaki mu sanduku. Nilimsimulia yaliyonipata. Akatoa kijiti mdomoni, akacheka mpaka akakohoa. Alisema katika miaka yake yote hajaona mwanaume aliyeoa numero ya biashara.

Nimejaza karatasi. Jina la kazi: Malezi ya Shituru. Sikuwa na lingine kichwani. Kodi nitalipa, nimekubali. Nirudi baada ya siku kumi. Yote yalichukua asubuhi moja. Asubuhi moja! Na nilimcheka Mama Chola mwaka mzima. Kinyaa kingine chote ni cha yule mwanaume, lakini hiki ni changu.

Kazi moja, tarehe 22

Mama ya Ngoie kimya. Nimeanza kufunga sahani mu magazeti. Watoto wanadhani ni mchezo, wanazifungua tena.

Kazi tano, tarehe 26

Amekuja. Asubuhi, Ngoie mgongoni.

Alikwenda kuiomba fishi. Yule msichana karani alimwonyesha, kwa sababu mama ya Ngoie ndiye muuguzi aliyemzalisha. Aliweka numero mbili pamoja. Halafu akaona tarehe ya ile inayoitwa ndoa yangu. Ni wiki ile aliyokuwa amelazwa, mimba ilipotoka. Yeye kitandani anavuja damu, na bwana yake ofisini anajaza mstari wa mke. Alisema hayo bila kulia, anatazama ukuta. Alimuuliza bwana yake unga ulikwenda wapi. Ulikwenda kwa mama anayemuuzia bia. "Ata sukari ya mutoto, hapana," alisema.

Halafu: "Twende."

Tuliacha watoto wengine kwa Mama Chola, Ngoie tukaenda naye. Ofisini alikataa kiti. Alisema mke ni yeye, mmoja tu, na mama huyu anamlelea mtoto, na jina lake limeandikwa bila yeye kujua. Aliweka sahihi. Bwana yake alikuwa meza ya tatu, anatazama mashine yake ya kuandika. Hakuinua macho hata mara moja. Nilimtafutia huruma moyoni, sikuipata. Mkubwa alichukua rula akapiga mstari juu ya jina langu. Mstari mmoja wa wino mwekundu. Siku ishirini za aibu, na wameziondoa kwa rula.

Hawakumfukuza. Wanamhamishia Kakontwe, kwenye machimbo ya mawe, avae vumbi la chokaa badala ya abakosti. Nyumba yao wanabaki nayo, kwa sasa, na minye nabaki na yangu.

Kwenye reli mama ya Ngoie alisimama. "Usiniambie aksanti," alisema. Sikumwambia. Nilimpokea mtoto mgongoni, yeye akaenda kazini, alikuwa amechelewa.

Kazi mbili, tarehe 30

Numero imetoka. Nimeandika upya karatasi zote za mwezi. Mahali pa numero, ya kazi. Mahali pa jina, Malezi ya Shituru. Za zamani nimewaomba bamama wanirudishie, wanne wamerudisha, nimezichoma mu mbabula, jiko langu la makaa, na kuchemsha uji kwa moto wake.

Nimekwenda kwa wale watatu wa mtaa huu wanaolea watoto kama minye. Niliwaambia yote, hata sehemu za aibu. Waandike kazi zao, wafiche numero zao wenyewe. Mmoja akaanza: lakini kodi, mama, kodi! Nilimwambia kodi inakuja mara moja kwa mwaka, na inapiga hodi. Mwanaume mwenye jina lako anakula kila posho na hutamsikia. Wawili wataenda kesho. Wa tatu anasema atamuuliza bwana yake. Amuulize.

Nimezitoa sahani mu magazeti. Moja imevunjika.

Siku ya posho, tarehe 3 mwezi wa ine

Foleni ndefu. Mvua ndogo. Wanawake wale wale.

Karani alifungua kitabu, akaita: "Mujane wa Kyungu!"

Miaka sita nimelichukia neno hilo. Kila posho nilikuwa nainua mkono tu, nisilijibu kwa mdomo. Leo niliitika. Nikaitika tena, kwa sababu wa nyuma walikuwa wanaongea.

Unga una wadudu. Nimeuchekecha mara mbili, nikasonga bukari.